Mkoromo wa Kumlaza Mgonjwa

Nilifumba macho basini nipate kuwasikiliza vizuri wawili waliokaa kando yangu. Muuguzi wa wagonjwa mahututi alikuwa akimweleza mama mmoja, "Tunawawekea sauti ya mvua ifunike milio ya mashine, wapate kulala. Mumeo tu ndiye halali."

Mama akaguna. "Akisikia mvua anawaza paa letu linavuja. Mwanangu, yule amezoea mkoromo wangu. Mwekee huo."

"Na wenzake wodini?"

"Watazoea. Kwani yeye alizoeaje?"

Nikabana kicheko, nikakoroma kidogo wasinishtukie.

Basi liliposimama, muuguzi bado alikuwa anakataa. Mama akanigusa bega. "Kaka, amka. Samahani, nimekurekodi. Unakoroma kama mimi kabisa."

Mke wangu, aliyehamia chumba cha watoto kwa sababu ya mkoromo huohuo, sijui nitamwelezaje kwamba sasa unakwenda kumlaza mume wa mtu.