Nuena Aliyetufundisha Kuyapisha Mawimbi

Leo, tarehe 30 Aprili 2025, ni mwaka wa arobaini na tisa tangu wengi wetu tuiache pwani ya kwetu kwa sababu ya vita, tuvuke jangwa na kupiga mahema hapa katika kambi ya wakimbizi ya Auserd. Miaka thelathini na miwili kati ya hiyo, Nuena binti Deddi ameitumia katika kituo chetu cha mawasiliano. Leo anastaafu, na kuanzia kesho ufunguo wa kituo utakuwa mikononi mwa Mina, ambaye Nuena mwenyewe amemfundisha kazi.

Nuena aliingia kituoni mwaka 1993, wakati kituo kilipokuwa redio moja ya upepo ya kuitana na kambi nyingine, meza moja na betri ya lori. Habari za harusi, za vizazi na za misiba zilipita kinywani mwake, na watu wa kambi nyingine waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura. Kompyuta zilipofika, alipelekwa Algiers kusoma. Alirudi akiwa na kifaa kidogo cha kupimia mawimbi na tabia mpya: ukimwambia mtandao ni mbovu, hakuuliza simu inaonyesha vijiti vingapi. Aliuliza namba.

"Vijiti ni simu inakufariji," alikuwa akisema. "Namba ndiyo inakwambia ukweli."

Namba zenyewe zilitusumbua, kwa sababu zote ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Hasi hamsini ni raha, hasi tisini ni taabu, na kila tatu zinapopotea nguvu inabaki nusu. Lehbib, dereva wetu, aliposikia hivyo alitikisa kichwa. "Kumbe shuleni nilikuwa wa kwanza," alisema, "ila mwalimu alihesabia upande mwingine." Lehbib huyu ndiye aliyepanda juu ya gari lake na simu mkononi, akiamini kwamba huko ndiko kwenye mtandao. Nuena alimtazama kutoka chini. "Shuka, kaka. Ungekuwa mbuzi ningekuelewa."

Kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Baada ya kila dhoruba ya mchanga, mtaa mzima ulilalamika kwamba mtandao umekufa, naye akaja kugundua sababu: akina mama walikuwa wakifungia ruta, kifaa kinachorusha mtandao nyumbani, ndani ya sanduku la chuma, pamoja na nguo za sikukuu, isiingie vumbi. "Umeitunza vizuri, mama," alimwambia mmoja wao, "hata mawimbi yenyewe hayawezi kutoka." Kisha alikaa naye, wakashona pamoja mfuko wa kitambaa chepesi. Vumbi lilibaki nje, mawimbi yakapita. Mifuko hiyo sasa iko kila nyumba, na wengine wameitia nakshi.

Lakini tukio ninalotaka libaki katika kumbukumbu za kituo ni la Machi 2014, na lilitokea hemani kwetu.

Kaka yetu Bujari alibaki Dakhla, mji wetu wa pwani, sisi tulipoondoka. Sauti yake tulikuwa tunaipata kwa simu, ila uso wake hatukuwa tumeuona tangu akiwa kijana. Siku hiyo alitupa habari kwamba kesho yake asubuhi angepasuliwa moyo, na madaktari hawakumwahidi kitu. Dada yangu Jadiyetu, aliyekuwa amepita miaka themanini, alisema jambo moja tu: anataka kumwona. Nuena alikuja mchana, akafunga ruta kwenye nguzo ya mlangoni, akapima pale alipokaa Jadiyetu upande wa pili wa hema. Hasi sitini na nne. Akaenda zake ameridhika.

Jioni majirani walifika na sukari na majani ya chai, kama watu wanavyofika penye mgonjwa. Hema likajaa. Bujari alipotokea kwenye simu tuliona paji la uso, kisha vipande vipande, kisha giza. Sote tukasogea karibu zaidi, na giza likazidi. Jadiyetu alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

Nuena alipoitwa, alipima tena pale pale. Hasi tisini.

"Jamani, ni sisi," alisema. "Mwili wa mtu ni maji, na maji yanameza mawimbi."

"Lori la maji halijaonekana tangu wiki iliyopita," alisema Jadiyetu, "kumbe maji yote yako hapa yananywa chai yangu."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyeinuka. Mtu aliyekuja kwa ajili ya mgonjwa haambiwi atoke, na Nuena hakumwambia yeyote atoke. Alifungua kamba za ubavu wa hema, akaupandisha juu, kisha akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Akawaomba wanaume wasogee kulia na wanawake kushoto, mpaka mchangani. Wageni wote walibaki nasi, macho kwa macho, na katikati kukawa na njia wazi, upana wa mkeka mmoja, kutoka nguzoni hadi kwa Jadiyetu. Hasi sabini na moja.

Bujari akarudi, masharubu meupe.

"Umezeeka, dada."

"Na wewe umekuwa baba yetu mwenyewe. Geuka nikuone shingo."

Kisha Bujari akatembeza simu yake ndani ya nyumba tuliyozaliwa, hadi mlango wa buluu unaotazama bahari. "Chumba chako kipo," aliniambia. "Nakifagia." Wajukuu zangu, waliozaliwa hapa kambini, walikiona kwa mara ya kwanza.

Bujari alipona. Hadi leo anapiga kila Ijumaa, na kabla hajapokewa, mtu husema, "Pisheni," na njia inafunguka. Watoto wasiomjua Nuena wanafanya hivyo, wakidhani ni desturi ya zamani.

Nuena, kituo kinakushukuru. Unywe glasi zako zote tatu za chai, kama ilivyo desturi yetu, bila kuitwa kabla ya ile ya pili, na kila unayempenda umpate kwa namba iliyo karibu na sifuri. Kazi yako imefika mbali kuliko mnara wetu: wajukuu zangu wanaujua ule mlango wa buluu, na ninaamini wataufungua kwa mikono yao. Mimi, kwa umri huu, sitarudi.