Bwana Ufa, Mnunuzi wa Nyumba Zilizowashinda Wenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikizia mpendwa wetu, familia imemtuma mdogo wake marehemu, aliyezaliwa akimfuata, awasomee safari ya maisha yake, naye amekubali kwa sababu shemeji yake alimwomba, na kwa sababu tangu Jumanne hajaweza kulia, akaona afadhali apewe kazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba mpaka rangi na mama mfua shuka wa hospitali, na kabla hajatimiza miaka kumi alikuwa amekwisha hamishwa vyumba sita, mara moja vyombo vikatolewa nje mvua ikinyesha, naye akakaa juu ya godoro lililokunjwa, amempakata mdogo wake, akimfundisha kuhesabu nyufa za ukuta wa jirani ili asiutazame uso wa mama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1975, ambako mwalimu wa hesabu aliandika katika ripoti yake kwamba kijana ana akili ila anatazama dari mno.

Januari 1977 aliajiriwa kuwa karani wa dalali wa mnada, kazi yake ikiwa kuandika ukutani kwa rangi nyekundu maneno NYUMBA HII INAUZWA, na kusimama nyuma ya tajiri wake nyundo inapogongwa, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne bila kuipenda hata siku moja. Machi 1991 alijitegemea, akawa ananunua nyumba kabla hazijafika mnadani, kutoka kwa watu walioshindwa mkopo, akiziba, akipaka, akiuza soko linaporuhusu, na soko lilipokataa, kama miaka ile kuanzia 2009 viwanda vilipofungwa, riba ikapanda na kila mtaa ukawa na mabango matatu bila mnunuzi hata mmoja, alikaa nazo, akilala humo kwa zamu ili wezi wasing'oe mabomba. Wengi wenu mlimwita Bwana Ufa, hata jirani wa ukuta kwa ukuta hakulijua jina lake la cheti, na mlimtania kwamba wenzake huziba ufa, yeye huununua, naye alicheka. Walikuwapo pia waliomwita tai wa mizoga, na mdogo wake alikuwa mmoja wao, hilo lisemwe leo likiwa limenyooka.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi. Kabla ya kununua alimwomba mwenyewe amzungushe chumba kwa chumba, kisha akamtazama mtu zaidi kuliko nyumba, maana alishikilia kwamba anayekuonyesha kila ufa amekwisha hama moyoni, imebaki miguu tu, lakini anayesimama mbele ya ufa ili usiuone, huyo bado anaishi humo, usimharakishe. Aliyeficha aliachiwa akae, miezi sita, mwaka, mmoja miaka minne, marehemu akimwita mlinzi wake wa nyumba ili asione haya mbele ya watu, na watatu kati ya hao walijikusanya wakazinunua tena nyumba zao, na wote watatu wamo hapa, wameketi safu ya nyuma.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeshona yale mapazia ya kijani yaliyotundikwa katika kila nyumba iliyokuwa ikingoja mnunuzi, yakashushwa siku ya kuuza, yakafuliwa, yakahamia nyingine, hata shemeji akawa anasema mapazia yake yamekaa mitaa mizuri kuliko yeye. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1987, sasa ni mwalimu, wa pili mwaka 1990, sasa ni muuguzi, na wa mwisho mwaka 1996, ambaye ameirithi biashara ya baba pamoja na mapazia.

Mwaka 2012 kiwanda alichofanya kazi mdogo wake kilifungwa, mkopo wa nyumba ukamwelemea, benki ikatoa siku tisini, naye akamwita kaka yake aje ainunue. Tarehe 6 Agosti marehemu alikuja na daftari lake, akamwomba amzungushe kama alivyowaomba wengine wote, na mdogo wake, ambaye aliona haya na hakutaka aonekane anaomba, alimwonyesha bomba la jikoni linalovuja, dirisha lisilofunga, ufa wa sebuleni nyuma ya kabati, hata akalisogeza kabati mwenyewe, akasema ameichoka. Marehemu aliyaandika yote daftarini. Mwezi uliofuata mapazia ya kijani yalikuwa dirishani, na Oktoba nyumba ikauzwa kwa watu wengine, na kwa miaka kumi ndugu hao wawili walisalimiana misibani tu.

Juzi, wakati karatasi hii inaandikwa, shemeji ndipo alipoeleza kwamba jioni ile ya Agosti mumewe alirudi, akavua viatu, akasema, "Mdogo wangu amekwisha hama, nimwuzie upesi asiteseke kuiona." Mdogo wake alisikia hayo, akajibu kwamba chai imepoa.

Marehemu alianza kuumwa Februari 2023, saratani ya kongosho, lakini alificha hadi Julai, akitoboa mkanda wake kwa msumari, tundu moja kila alipopungua, akifunika kwa shati, na hata alipolazwa tarehe 11 Septemba, kila daktari alipouliza kama anaumwa alijibu kidogo tu, akavuta shuka hadi kidevuni, akaeleza namna atakavyoezeka upya baraza la nyumbani mvua zikiisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulimkasirikia kwa kuficha, lakini kwa kanuni yake mwenyewe marehemu alikuwa bado anaishi humo, na hakukuwa na wa kumwongezea hata miezi sita. Alifariki Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa ameshika mkanda ule, kwa kuwa wauguzi walimpa na hakujua auweke wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani mlioleta viti na maji bila kuombwa, madalali wenzake mliofunga ofisi leo, na nyote mliowahi kumfungulia mlango, maana nyumba njema si mlango, naye aliingia ndani.

Mwisho, msomaji anaomba ruhusa ya kusema lisiloandikwa hapa. Kaka, nilikuonyesha nyufa zote kwa sababu ya haya tu. Nilikuwa bado naishi humo. Hapa ulipo hakuna wa kukuhamisha, pumzika kwa amani.