Hawashi Umeme Mpaka Apewe Mkono: Mwalimu Eufrasia Kasongo Anastaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Eufrasia Kasongo atastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti na mafunzo ya nishati jadidifu, hapa Kigoma, kwa miaka ishirini na saba. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, na nimeambiwa nisizidishe ukurasa mmoja. Nitajitahidi, lakini siahidi.

Mwalimu ni mzaliwa wa Ujiji, mjukuu wa mzee aliyevuka ziwa kutoka Kongo na kuamua harudi tena. Alisomea uhandisi wa umeme Dar es Salaam. Wenzake walipobaki huko kutafuta kazi, yeye akapanda treni kurudi nyumbani. Kituo wakati huo kilikuwa chumba kimoja chenye bati linalovuja, na juu ya bati paneli mbili za sola. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi kwamba mvua ikinyesha wote walitosha kwenye ile kona isiyovuja. Leo wahitimu wake wanafunga mitambo ya umeme wa jua mwambao mzima, na kule kijijini Simbo tuna mtandao wetu wa umeme wa mafunzo, unaowasha nyumba, zahanati na mashine za kukamua mawese. Ni yeye aliyeuchora, akawabembeleza wafadhili, akausimamia nguzo kwa nguzo.

Lakini kila aliyefundishwa naye anajua kwamba ukimtaja Mwalimu Eufrasia umetaja mkono.

Asiyejua namweleza. Mwaka ule tulipokuwa tunaunganisha mashine za mawese, kazi ikiisha Mwalimu aliita majina kama darasani. Kila mwanafunzi aliitika kuonyesha kwamba ameshuka nguzoni, ndipo umeme uliwashwa. Sasa, wote tumesoma, tunajua wanafunzi walivyo: rafiki yako akichelewa kipindi, unamwitikia. Jioni hiyo lilipoitwa jina la Pastory, rafiki yake Martini akaitika kwa mazoea tu, wala hakuwa na nia mbaya. Pastory alikuwa bado juu ya nguzo ya mwisho, nyuma ya michikichi, anakaza nati. Mwalimu alikuwa ameshaishika swichi, lakini akasita. Pastory ana kigugumizi, na sauti ile iliitika bila kukwama. Akaita tena. Kimya.

Jamani, sipendi hata kukumbuka. Mwalimu aliondoa mkono kwenye swichi taratibu, akakaa chini palepale vumbini, akalia mbele ya wanafunzi wake bila kujificha. Martini naye akalia. Pastory aliposhuka na kuwakuta watu katika hali ile, aliuliza nani kafariki.

Tangu siku hiyo majina hayakuitwa tena. Kila aliyepanda huja mwenyewe kumpa Mwalimu mkono, naye huushika na kumsalimia mwakeye. Watu wa Simbo walimcheka sana, maana mwakeye ni salamu ya Kiha ya asubuhi, na yeye huitoa hata jua likizama. Akawajibu kwamba Kiha chake ni cha Ujiji, wamvumilie. Kuhusu mkono wenyewe hakutaka mzaha. Alisema sauti mtu anaweza kukuazima, mkono hapana.

Kisha ukaja mradi wa gridi janja, na hapo ikawa vuta nikuvute. Gridi janja ni mtandao unaojiendesha: ikitokea hitilafu, unajua wenyewe ni wapi, unakitenga kipande kilichoharibika, na unarudisha umeme bila kumsubiri mtu. Anayeongoza utafiti huo ni Dk. Scola, ambaye naye alifundishwa na Mwalimu, na hana muda na kitu kinachochelewesha. Mwalimu aliupokea mradi kwa moyo wote, akausoma na miwani yake miwili. Alitia ngumu kwenye jambo moja tu: mafundi wakiwa kazini, umeme usirudi mpaka kila aliyejiandikisha siku hiyo aje kuweka kiganja chake kwenye kisanduku cha swichi. Dk. Scola akasema hilo litautia mtandao uzito na kuuharibia sifa mbele ya wafadhili. Mama Yuliana, mwenye mashine kubwa ya mawese pale Simbo, naye alikuja juu: chikichi zake zinapoa pipani wakati watu wazima wanasalimiana na sanduku! Wiki nzima Mwalimu na Dk. Scola hawakunywa chai meza moja. Mwishowe kiganja kikawekwa, lakini kwa majaribio tu. Mwalimu akishastaafu, suala litaangaliwa upya.

Hilo ndilo lililomnyima raha mwaka wake wa mwisho. Hakuulizia zawadi wala sherehe. Mimi ndiye ninayeshughulikia programu za mtandao, na kila tulipokutana koridoni aliniuliza kama mkono utabaki. Haki ya nani, roho iliniuma kila mara.

Mwezi uliopita mvua ya mwisho ya masika iliangusha tawi kwenye laini ya Simbo. Wanafunzi wakapanda, wakatengeneza, wakashuka, wakaweka viganja mmoja baada ya mwingine. Umeme haukurudi. Tukakagua betri, tukakagua nyaya, kila kitu kizima. Mama Yuliana alikuwa ameshatufuata na sauti yake. Nikafungua kompyuta, nikaona mtandao unasubiri mkono mmoja zaidi: wa Eufrasia Kasongo. Asubuhi alijiandikisha pamoja na wanafunzi, akawashikia ngazi, kisha akatoweka.

Nilikuwa na nywila ya kuiruka hatua hiyo. Sote tulijua kwamba Mwalimu, kwa magoti yale, hayuko juu ya nguzo yoyote. Nikamwambia Dk. Scola niruke tu, tumalize. Akanikatalia palepale. Alisema hajamwona kwa macho yake, na mpaka amwone hakuna umeme, hata wafadhili wote wakiwa wamesimama hapa.

Wanafunzi wakatawanyika kumtafuta, wakiangalia juu ya kila nguzo. Wakamkuta jikoni kwa Mama Yuliana huyuhuyu anayetupigia kelele, tonge la ugali wa muhogo mkononi, samaki wake wa mgebuka sahanini. Alipoambiwa kijiji kizima kinamsubiri yeye, na kwamba Scola ndiye aliyekataa kuruka, alilirudisha tonge sahanini. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, au tuseme machozi yalitangulia. Akanawa, akaja huku anafunga khanga vizuri, akaweka kiganja. Mashine zikanguruma. Dk. Scola akamshika mkono uleule, akamwambia mwakeye, ingawa ilikuwa alasiri. Kabla hatujafika Kigoma alikuwa ameshaniagiza nilifute neno majaribio.

Mwalimu, tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa ukali wako na kwa karanga ulizotugawia kutoka mkobani mwako. Siku ya kukuaga Pastory atakuwepo, siku hizi ndiye msimamizi wa mtandao wa Simbo, na Martini wake ubavuni kama kawaida. Hatutaita majina siku hiyo, wala hakuna atakayemwitikia mwenzie. Tutakuja mmoja mmoja kukupa mkono, na Dk. Scola ameomba awe wa mwisho. Ukishaushika wake, ujue tumeshuka sote, hakuna uliyemwacha juu. Nenda Ujiji ukapumzike, ule mgebuka wako mpaka uishe bila mtu kukutafuta. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha.

Mwakeye, Mwalimu.

Nehemia, Kitengo cha Programu, kwa niaba ya wafanyakazi wote