Mkono Wangu Uliokufa Ganzi

Amani ya Mungu iwe juu yenu, ndugu zangu! Sifa zote njema ni zake Mola aliyenirudishia vidole vyangu. Nimesimama mbele yenu hapa Mutsamudu kwa sababu kuinyamazia neema hii ningeona ni kuikufuru.

Mimi nilizaliwa Majunga. Tulipoyakimbia mauaji ya kule Madagaska tukarudishwa Komoro, nilifika Moroni na nguo nilizovaa na ufundi mmoja tu: kudarizi kofia. Nikaolewa huko. Mume wangu akavuka bahari kuja kisiwa hiki, hapa Mutsamudu, kutafuta kazi, nami nikabaki na mama yake, Bi Mariama, mwenyeji wa kijiji cha Vouvouni, mwanamke wa maneno machache. Nilidarizi tangu alfajiri mpaka macho yakanigomea. Kofia ndizo zilizotulisha.

Kisha ganzi ikaanza. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa kama vinatambaliwa na sisimizi. Nikiamka, mkono wa kulia si wangu, naukung'uta weee! Sindano ikawa inaniponyoka bila mimi kujua. Ndugu zangu, fundi asiyeihisi sindano yake amebaki na nini?

Majirani walipata jibu upesi. "Ni huyo mkweo," waliniambia. "Hakutaka mwanawe aoe mtu wa Majunga. Amekufunga mkono." Wakataka nikamshitaki kwa mganga.

Nikakataa! "Mama anayenipikia uji kila asubuhi simwiti mchawi," niliwajibu.

Ilikuwa miaka ile mamluki wa Kizungu walipokwisha kuipindua serikali, na watu wakisimamishwa njiani. Asubuhi moja mimi na Bi Mariama tulikuwa tunakwenda sokoni na furushi la kofia. Mzungu mmoja mwenye bunduki akatuzuia. Askari wa kwetu aliyefuatana naye akasema, "Fungua!"

Nikashika fundo. Vidole havikutii. Nikajaribu tena. Wapi! Mzungu akadhani naficha kitu. Akafoka, na mtutu ukageukia kifua changu. Nikatamka shahada moyoni.

Bi Mariama akaja akasimama kati yangu na bunduki. "Mkono wake mgonjwa," alimwambia yule askari. "Mwambie mwenzako. Nitafungua mimi." Akapiga magoti, akalifungua fundo kwa meno. Kofia zikamwagika vumbini. Wakacheka, wakatuachia.

Tukiwa bado tunaokota, akaniambia, "Mwanangu, wanayosema majirani nimeyasikia. Twende tukautafute ugonjwa wenyewe."

Tukapanda meli kuja huku kwa mume wangu, tukaenda hospitali. Mwuguzi hakuniuliza nani ananichukia. Aliuliza, "Unafanya kazi gani?" Akanikunja mikono yote miwili kwenye kifundo, pale kiganja kinapoungana na mkono, akaniambia nitulie hivyo. Mara sisimizi wale wale wakaja! "Mshipa wa fahamu umebanwa hapa," akasema, "kwa sababu unashona mkono umeukunja kutwa, na ukilala unaukunja tena."

Akanionyesha la kufanya. Bi Mariama akachonga kipande cha mwanzi, akakizungushia kitambaa, na kila nilipolala alinifunga gango hilo ili kifundo kinyooke. Nikidarizi kidogo, napumzika, nanyoosha vidole. Nilichovya mkono katika maji ya vuguvugu, naye akanikanda taratibu kwa mafuta ya nazi. Nilitamani kurudia kazi kwa pupa, nikajizuia. Nilisema, mkono huu lazima upone! Wiki za mwanzo sikuona kitu. Lakini asubuhi moja nilishika kikombe cha chai, nikahisi kinaunguza. Ndugu zangu, nililia kwa furaha ya kuungua!

Leo nadarizi tena, kwa kiasi. Namshukuru Mungu, kisha namshukuru mama huyu aliyeketi pale mlangoni.

Ganzi zote si moja. Iko ya ugonjwa wa sukari, iko ya kula wali mtupu bila kunde, mboga wala samaki, na wajawazito nao huwapata. Ikikujia ghafla upande mmoja wa mwili, au mdomo ukapinda, usingoje mafuta, kimbilia hospitali! Mtegemeeni Mola, wala msimtupie mtu uchawi kwa maumivu msiyoyachunguza. Na dada yeyote ambaye vidole vyake vinachomachoma sasa hivi, asione haya. Tukishaitikia dua, aje akae karibu nami. Nitamfunga gango kwa mikono yangu hii hii.