Mama Inès wa Gundi ya Ngozi Anaweka Nyundo Chini

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, Mama Marcienne, ambaye mtaa wetu wote wa Juru unamwita Mama Inès, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika karakana yetu ya gita. Miaka kumi na tisa! Kuna ndoa hapa kambini Nakivale hazikufika hata nusu. Ninayeandika ni mimi Kalume, fundi wa masanduku ya gita, kwa sababu namjua kuliko wote, na kwa sababu wengine walipotaka kuandika nilikataa. Shule niliichungulia dirishani tu, lakini maneno ninayo mingi.

Asiyejua gita aelewe kwanza. Juu ya shingo ya gita kuna vyuma vyembamba vimelala kama vipandio vya ngazi. Kila chuma kinakaa ndani ya mfereji mdogo uliokatwa kwa msumeno. Kinapigwa nyundo kiingie, na gundi kidogo inakishika kisinyanyuke. Kikinyanyuka unene wa ukucha tu, uzi unalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kupanga vyuma hivyo ndiyo kazi ya Mama Inès. Sanduku, yaani tumbo la gita, nachonga mimi, na hakuna anayechonga kunishinda kutoka hapa mpaka Bwizibwera. Lakini bila vyuma vyake sanduku langu ni la kuwekea maharage.

Mimi ndiye niliyemvumbua, mtu asisahau. Mwaka 2007 alikuja mlangoni kuuza maharage, akaniona napiga chuma, akasema kimekaa upande. Nikampa nyundo ili aaibike. Akapiga mara moja, chuma kikalala kama mtoto aliyeshiba. Maharage aliyasahau palepale, na sisi tuliyapika.

Baba yake alikuwa fundi wa viatu kule Muyinga, Burundi, na kwake alijifunza gundi ya ngozi. Anachukua vipande vya ngozi ya ng'ombe kwa wachinjaji wa Mbarara, anavikwangua manyoya, anavilowesha, anavipika polepole mpaka vinakuwa uji wa rangi ya asali. Kisha gundi inakaa ndani ya kopo, na kopo linakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana ikichemka yenyewe inakufa nguvu. Harufu yake ninyi mnaijua. Mbwa wa Juru walikuwa wanamsindikiza mpaka kanisani, wanalala nje kwa adabu, misa ikiisha wanarudi naye. Padri alisema ndio waumini pekee wasiochelewa.

Mimi pia nilikuwa naweka vyuma kazi ikizidi, na gundi yangu ilikuwa ile ya kichupa, ya matone, inayoshika kabla hujamaliza kupumua. Sikuibadilisha wala sikutaka. Basi miaka yote tukagombana. Mimi nilimwambia, "Mama, unapika supu ao unatengeneza gita?" Yeye akanijibu, "Na weye Papa Kalume, hivyo vyuma unavifungisha ndoa ya kanisa? Havitaachana mpaka kifo!" Karakana nzima inacheka, kazi inasimama.

Mchezo ulikwisha siku Nestor alipokuja, yule mwenye duka la vyombo vya muziki mjini Mbarara. Alitaka kutuletea gita zote zinazoharibika, za makwaya mpaka za askari wa kambi ya Makenke. Kazi ya kutulisha sisi wote. Lakini aliona kopo huku, kichupa kule, akashika kiuno. "Sebo, nyabo," akatuita bwana na bibi kwa lugha ya huku, "mimi nataka gundi moja. Gita ikirudi imeharibika, sitaki kusikia hii ni ya mzee, hii ni ya mama. Mkishindwa kuchagua, kazi napeleka kwa wengine." Bila kazi ile karakana ingefungwa, na sisi wote tungerudi kupalilia mahindi.

Tukakubaliana kupima. Tulichukua gita ya Patrice, mpiga gita wa kwaya, ambaye anakandamiza nyuzi kama anakamua ng'ombe wa jirani. Vyuma vitano vya kwanza niliviweka mimi kwa kichupa. Kuanzia cha sita mpaka mwisho akaweka Mama Inès kwa ngozi. Mvua zipite, kiangazi kipite, tuone cha nani kitanyanyuka.

Baada ya mwezi nikagundua nimeibiwa. Patrice anajua mikao mitatu tu ya vidole, na yote iko kwenye vyuma vya kwanza! Vyangu vinafanya kazi, vyake vinalala usingizi. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mama Inès hakubishana. Alichukua penseli, akailaza juu ya nyuzi kwenye chuma cha tano ili izikandamize, akaifunga kwa mpira. "Haya Patrice, sasa piga mikao yako huku juu, kwangu. Papa Kalume asilie."

Sasa sikilizeni. Penseli ikikaa fasi ile, gita inapanda sauti, na kwaya lazima ipande nayo. Miezi mitatu mizima parokia yetu iliimba juu, juu kabisa! Wanaume walitoka mishipa ya shingo. Mama Jocelyne, kiongozi wa sauti ya kwanza, alikuwa anaimba amesimama kwa vidole vya miguu. Jumapili moja, katikati ya wimbo, akageuka akasema, "Patrice, shuka, tutapasuka!" Patrice akajibu kwamba hana ruhusa, ni mambo ya gundi. Padri akauliza gundi gani. Watu wakacheka mpaka mahubiri yakaanza upya.

Kiangazi kilipokauka vizuri, Nestor akarudi. Tukajaribu kupitisha wembe chini ya kila chuma. Vyangu, hakuna kilichonyanyuka. Vyake, hakuna. Nikaruka kwa furaha, umri huu. Ndipo Mama Inès akamwambia Nestor, "Sasa ving'oe." Maana vyuma vya gita vinalika kama soli ya kiatu, na siku moja lazima vitoke viingie vipya. Akapasha ncha ya bisibisi motoni, akaigusisha kwenye chuma chake kimoja, gundi ikalegea, kikatoka safi kama jino la mtoto. Kisha akagusa changu. Kiligoma. Akavuta. Kikatoka na kipande cha mbao.

Nestor aliuangalia ule mfereji uliovunjika. "Basi ya mama," akasema. Kazi ikabaki kwetu, na mpaka leo tunakula kwa ajili ya siku ile. Yangu ilishika zaidi, hilo kila aliyekuwepo aliliona. Lakini shingo ile niliiziba mimi mwenyewe, wiki nzima, na nilipokuwa naziba nilikuwa na muda wa kufikiri.

Sasa macho yake yanaona vyuma viwili fasi ya kimoja, na bintiye Inès amemtengenezea chumba Mbarara. Tangu habari itoke, karakana inanong'ona kwamba mama akiondoka tu Kalume atarudisha kichupa. Nestor mwenyewe alinipigia simu kuuliza. Kwa hiyo wiki iliyopita nililowesha ngozi, nikapika, nikaweka vyuma vyote vya gita moja mpya kwa mkono wangu, nikaiacha mezani.

Mama Inès alipoingia, alipitisha kidole gumba shingo nzima, akarudi nyuma, akapitisha tena. Akauliza hii ya nani. Wakamwambia ya Papa Kalume, kwa ngozi. Akasema, "Uongo!"

Mimi nimesifiwa mingi maishani, na nilistahili, lakini sifa kama hiyo sijawahi kupata.

Mama Inès, karakana yote inakushukuru. Ngozi ndiyo gundi ya karakana hii, mimi nimesema, na anayebisha aje kwangu. Lala asubuhi mpaka jua likuchoke, wajukuu wakuletee chai, na Mungu akuongezee miaka yenye kicheko. Ishi vizuri, mama, ishi sana.