Hisa Tulizomwahidi Fundi Barafu

Benchi letu liko ubavuni mwa saluni ya Kinyozi. Pale mwisho, karibu na birika la kahawa, siku hizi hapakai mtu. Ni pa Fundi Barafu, rafiki yetu aliyefungua kampuni ya kutengeneza barafu akatuuzia hisa. Majina yangeandikwa kwenye ubao ukutani kiwandani, mwenye nyingi juu, basi tukashindana. Kinyozi akasaini hisa mia, Wakili mia mbili, mimi kwa kujifanya mwanaume nikasaini mia tatu. Kila mmoja alilipia kumi, nyingine tukasema tutamalizia. Sasa kampuni imefilisika, na jana mfilisi, aliyewekwa kukusanya mali yake alipe madeni, alituletea barua: lipieni hisa mlizosaini, waliokuwa wakiidai kampuni wapate chao.

— Kampuni imekufa, alisema Kinyozi. Maiti anadai?

— Anayedai ni mfilisi, nikamwambia.

— Basi tumrudishie vyeti. Changu hata sijakikunja.

Wakili akakunja nne, mguu juu ya mguu. Tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani, mara moja.

— Hisa usiyoilipia si yako. Na kisicho chako hudaiwi.

— Mbona siku tulipopiga picha na vyeti ilikuwa yako? nikamuuliza.

Wakili hakujali. Akaja na kubwa zaidi: zijumlishwe kahawa zote tulizomnunulia Fundi kila alipokuja, itaonekana tulishamaliza kulipa, pengine tunarudishiwa chenji. Naona aibu kusema, lakini tulicheka.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika binti wa Fundi, amekumbatia ubao wenye majina yetu. Akatuamkia. Alisema jengo la kiwanda linakabidhiwa leo, ameona atuletee. Baba yake tangu mashine ichukuliwe hatoki ndani.

— Kila Ijumaa alikuja hapa kuwaomba mmalizie, anunue mashine ya pili. Akirudi mikono mitupu anasema wazee wamenipokea vizuri. Mlikuwa mnamwambia nini?

Wakili akatazama viatu vyake. Mimi jina langu lilikuwa la kwanza pale ubaoni, kwa rangi ya bluu, na nilijuta kujua kusoma. Kinyozi akasogeza kikombe.

— Kaa kwanza, mwanangu, unywe kahawa.

Akasikia alichokisema. Sote tulisikia: yale yale ya kila Ijumaa. Binti akauegemeza ubao mwisho wa benchi, mahali pa baba yake, akaondoka.