Maisha ya Fundi Sare, na Barua ya Maabara Niliyoificha

Waombolezaji wenzangu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mliyezoea kumwita Fundi Sare, nami ndimi kitinda mimba wa mama yake, naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa kuwa humu limo na kosa langu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, akaishia hapo, kwa kuwa baba aliumia kiwandani na sisi wadogo tulikuwa tunaangalia mikono ya dada. Mwaka 1985 alianza kushona sare za wanafunzi katika chumba cha mbele chenye dirisha moja, akaikalia cherehani ile ile miaka thelathini na minane, hakuwahi kukata kitambaa kwa kukisia, na mzazi aliyeng'ang'ania kwamba vipimo vya mwaka jana vinatosha alijibiwa kuwa mwaka jana mtoto alikuwa na tumbo lake, sasa ana la babake. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyemtangulia kaburini 2011, wakajaliwa mabinti wawili, hawa walioketi mbele.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2022, akila vijiko viwili ameshiba, akawa anapunguza nguo zake kiunoni na kusema cherehani imemkondesha. Tarehe 20 Februari 2023 alitolewa vinyama tumboni vikapimwe, majibu nikayafuata mimi, yakasema ni vidonda, saratani hakuna, na Jumapili ya tarehe 5 Machi nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, mkapiga makofi. Tarehe 14 Machi ikaja barua ya maabara, ikapitia kwangu kwa kuwa anwani ilikuwa yangu, kwamba vinyama vimetazamwa upya kwa darubini, zimeonekana seli chache zinazoshukiwa kuwa za saratani, zenye umbo la pete, kiini kimesukumwa pembeni, zimetawanyika moja moja bila kufanya uvimbe, ndiyo maana mwanzo zilidhaniwa ni zile za kawaida zinazosafisha kidonda, hivyo arudi haraka. Ndugu zangu, nilijiambia nikiitoa nitamfanya Mungu mwongo, kumbe nilikuwa naogopa aibu yangu, nikaificha barua ndani ya Biblia, nikamhimiza dada amalize dawa za vidonda, ikakaa humo miezi saba.

Oktoba, alipotapika kila alichomeza, tulimrudisha, zile seli zikawa zimeenea ukuta wote wa tumbo, limekakamaa kama ngozi ya kiatu, hapakuwa na cha kukata. Tarehe 3 Novemba nilikiri kwake wodini, akaiomba barua, akaisoma mara mbili, akaikunja, akageukia ukutani, hatukulizungumza tena. Daktari aliniambia huenda hata Machi tungekuwa tumechelewa, neno hilo halijanisaidia. Alifariki tarehe 11 Januari 2024, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru daktari wa maabara, ambaye hakuona haya kurudia kazi aliyokwisha kuitia sahihi, wauguzi, majirani mliofua mashuka yake, na mafundi wenzake mliomalizia sare alizoziacha nusu. Ule ushuhuda wangu naufuta leo mbele zenu.

Dada, pumzika kwa amani, mimi huku sinayo.